Vumbi la Kisima cha Balcraig

Netta Gourlay aliamka saa kumi na moja alfajiri, kama kila siku ya kazi. Magoti yalimuuma. Alikaa ukingoni mwa kitanda akayasugua, kwanza la kulia, kisha la kushoto. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Alikuwa mpishi wa shule, na shule ilikuwa na watoto mia mbili. Watoto mia mbili hula viazi vingi.

Saa saba na nusu mchana alirudi nyumbani. Binti yake, Kirsteen, alikuwa ameshavaa sare. Kirsteen hufanya kazi katika nyumba ya kulea wazee, na zamu yake huanza saa nane. Mama na binti walipishana mlangoni kila siku.

"Amekula?" Netta aliuliza.

"Kidogo. Mayai kayatema."

"Na usingizi?"

"Mama, nitachelewa. Haya, mchukue mtu wako."

Mtu wake alikuwa Effie, binti ya Kirsteen. Effie alikuwa na miaka miwili na miezi miwili. Alimwita Netta Nana, kama watoto wengi wa hapa wanavyowaita bibi zao. Baba yake Effie yuko mbali, kwenye mitambo ya mafuta baharini, na simu zake ni chache kuliko siku za jua za Balcraig, mji wetu wa mvua.

Mimi naishi mlango wa tatu kutoka kwao. Nilikuwa nikimwona Netta akipita na kapu mkono mmoja na mtoto mkono wa pili, nikajiuliza mwanamke huyu atapumzika lini. Sikumuuliza. Hapa kwetu mtu akichoka, anachoka kimya.

Sasa niwaambie kuhusu Kisima. Katika uwanja wa kanisa letu, kati ya makaburi, kuna bomba la maji ya kunywa. Tunaliita Kisima, ingawa si kisima. Ni la chuma cha kumimina, kile kinachoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu. Lina nguzo nne zenye maua ya chuma. Juu yake kuna kuba, na juu ya kuba amesimama korongo wa chuma. Chini ya kuba kuna beseni, na vichwa vya simba vinatoa maji. Wazee wa zamani walilinunua ili watu waache kunywa maji ya mto yaliyokuwa yakiwaua. Maji yake yanatoka mpaka leo.

Kila mwezi wa Juni tuna sikukuu ya mji, tunaiita Gala. Siku hiyo msichana mmoja wa darasa la saba huvikwa taji, na yeye hunywa kikombe cha kwanza pale Kisimani. Kabla ya Gala, Kisima hupakwa rangi. Kazi hiyo ni ya ukoo wa Gourlay. Hakuna mahali ilipoandikwa. Wazee wao walikuwa wamiminaji chuma, basi watu wakasema, nani mwingine apake? Alec, mume wa Netta, alipaka miaka thelathini. Alipofariki, Netta aliichukua brashi. Hakuna aliyemwuliza kama anataka.

Mwaka jana mwezi wa Aprili, Bibi Haldane alimfuata Netta baada ya ibada. Bibi Haldane ni mwenyekiti wa umoja wa wanawake wa kanisa.

"Netta, mpenzi," alisema, "mwaka huu Kisima kinatimiza miaka mia na arobaini."

"Kumbe."

"Lakini kitazame. Rangi imekuwa nene mno. Maua hayaonekani. Simba wanafanana na viazi. Unaonaje ukiikwangua yote, mpaka kwenye chuma, ndipo upake mpya?"

"Yote?" Netta aliitazama ile kuba. "Peke yangu?"

"Alec angefanya," alisema Bibi Haldane.

Hapo ndipo alipomweza. Ukitaka Netta akubali jambo, mtaje Alec.

Kirsteen aliposikia alikasirika. "Ungekataa!"

"Ningekataaje?"

"Fungua mdomo, sema hapana. Mbona wenzako wanaweza?"

"Wenzangu si akina Gourlay."

"Basi akina Gourlay watakuua, Mama, na Bibi Haldane ataleta maua."

Netta alianza kazi. Alikwenda siku za Kirsteen za mapumziko, na kila Jumamosi. Alikwangua kwa brashi ya waya. Alisugua kwa msasa. Palipokuwa pagumu alitumia mashine ya msasa ya marehemu mumewe, na vumbi likapaa mpaka kwenye miguu ya korongo. Juu palikuwa na rangi ya kijani. Chini yake nyekundu, kisha kijivu, kisha kijani nyingine. Chini kabisa, juu ya chuma chenyewe, palikuwa na rangi ya chungwa. Hiyo ilishika kama kupe.

Hakumpeleka Effie kule hata siku moja. "Asije akaanguka kwenye mawe ya makaburi," alisema. Alikuwa mwangalifu. Nataka mkumbuke hilo, maana baadaye watu walimsema vibaya.

Kila alipofanya kazi alivaa ovaroli ya Alec. Kabla ya Alec ilikuwa ya baba yake Alec. Na ovaroli hiyo haikufuliwa. Huo ulikuwa mwiko wa ukoo wao. Kila mwaka ilipata madoa mapya, na akina Gourlay waliyasoma madoa hayo kama wengine wanavyotazama picha za zamani. Hili ni la mwaka wa mafuriko. Hili ni la mwaka aliozaliwa Kirsteen. Wangefuaje kitu kama hicho? Ilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, karibu na jiko, mahali pa joto. Effie aliipenda. Aliingia ndani ya miguu ya ovaroli, akajificha, akachungulia na kusema, "Nana, mimi sipo!"

Mwezi wa Mei, Effie alibadilika. Alikataa chakula. Alikosa choo siku tatu, siku nne. Alilia kwa hasira, kisha akalala chini ya meza ameshika tumbo. Uso wake ulipauka. Daktari alisema ni choo kigumu, wampe maji ya plamu. Walimpa. Hayakusaidia.

"Ni meno," alisema Netta.

"Meno ya tumboni?" Kirsteen alimjibu.

Kisha mtu mmoja akasema ni maji ya Kisima. Netta alikuwa akileta chupa ya maji hayo nyumbani kila alipotoka kukwangua, kwa sababu aliamini chai yake ni tamu zaidi. Habari ikaenea kabla ya Jumapili. Wazee wa kanisa walifunga mabomba kwa waya. Wataalamu walikuja kuchukua maji ya kupima. Tulingoja majibu siku tisa. Majibu yakasema maji ni safi kabisa. Siku tisa zilipotea hivyo, tukiyalaumu maji. Na siku zote hizo Netta aliendelea kukwangua, maana Gala haimngoji mtu.

Yeye mwenyewe hakuwa mzima. Kichwa kilimuuma. Alisahau chumvi kwenye chakula cha shule. Alisinzia ameshika kisu. Alijiambia ni uzee. Alikuwa amechoka hata hakuwa na nguvu za kujiuliza kwa nini amechoka.

Siku moja mchana, jirani yao Mzee Dod Mutch alikuja kurudisha bakuli. Mzee Dod ana miaka themanini kasoro moja. Alikuwa mpaka rangi wa meli kwa miaka arobaini, na kifua chake kinapiga filimbi anapopanda ngazi. Alimkuta Effie chini ya meza.

"Anashika tumbo hivyo tangu lini?" aliuliza.

"Wiki tatu sasa. Daktari kasema choo."

Mzee Dod alimtazama mtoto kwa muda. Kisha akatazama ovaroli nyuma ya mlango.

"Ile ni ya Alec?"

"Ndiyo."

Alikwenda akashika mkono wa ovaroli. Alikwangua kwa ukucha. Ukucha ulitoka na unga wa rangi ya chungwa.

"Netta, mwanangu. Umefika kwenye rangi ya chungwa?"

"Nimefika. Imenitoa jasho."

"Uliikwangua kavu?"

"Sasa ningeikwanguaje, Mzee Dod? Kwa ulimi?"

Mzee Dod hakucheka, naye huwa anacheka upesi. Alivuta kiti akakaa.

"Hiyo ni rangi ya risasi," alisema. "Si risasi ya bunduki. Ni madini, mazito na laini. Zamani yalitiwa kwenye rangi ili chuma kisishike kutu. Hata hiyo kijani ya zamani inayo. Rangi ikikaa ukutani au kwenye chuma, imeshika vizuri, haina neno. Ukiisaga ikawa vumbi, ni sumu."

"Lakini mimi nilivaa kitambaa puani."

"Kitambaa! Sisi kule kwenye meli tulivaa vitambaa vizuri kuliko chako. Bosi alitupa maziwa kila asubuhi, eti yanakinga. Tukanywa maziwa, kisha tukala mkate kwa mikono ileile yenye vumbi. Wenzangu walijikunja kwa tumbo kama huyu mtoto. Tuliita tumbo la wapaka rangi. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayamzuii mtu kumeza vumbi."

Netta aliinama chini ya meza kumtazama Effie.

"Kesho mpeleke tena kwa daktari," Mzee Dod alisema. "Usiseme anaumwa tumbo. Sema, nataka damu yake ipimwe risasi. Na yako pia."

"Yangu ya nini?"

"Kwa sababu unanitazama na macho yako yamelala, mwanangu."

Damu ilipimwa. Baada ya siku tatu, mhudumu wa afya alikuja nyumbani. Jina lake Ailsa Petrie. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya polepole. Kirsteen alikuwepo, aliomba ruhusa kazini.

"Kipimo cha risasi katika damu ya Effie ni ishirini na tatu," Ailsa alisema. "Kwa mtoto, tukiona tano tu tunaanza kutafuta sumu inatoka wapi. Ya kwako, Netta, ni thelathini na nane."

Kirsteen alimkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka akalia.

"Atakufa?"

"Hapana. Lakini risasi inadhuru ubongo na damu, na watoto wadogo hudhurika zaidi. Watoto wengine haiwaonyeshi dalili yoyote. Bora huyu tumbo lilimuuma, tukajua."

"Kuna dawa?"

"Dawa kali ipo, kwa kiwango kikubwa kuliko hiki. Kwa Effie, dawa ni kuiondoa sumu alipo. Mwili wake utaitoa wenyewe, taratibu. Mpeni nyama, dengu, mboga za majani, maziwa na jibini. Mtoto mwenye njaa hufyonza risasi zaidi."

"Lakini hajawahi kukanyaga pale!" Netta alisema. "Na maji yamepimwa. Kaipata wapi?"

Ailsa alifungua mfuko wake akatoa vitambaa vyeupe na chupa ya maji.

"Toka nje," alimwambia Netta, "kisha ingia kama unavyoingia ukitoka Kisimani. Usinieleze. Nionyeshe."

Netta alitoka. Aliingia. Alisimama mlangoni kama mtu aliyesahau maneno ya wimbo.

"Effie hunikimbilia," alisema. "Basi mimi humbeba."

"Umevaa ovaroli?"

"Ndiyo. Huweka kichwa chake hapa." Aligusa kifua chake.

"Kisha?"

"Kisha naivua, naitundika. Nanywa chai, nakula kimkate cha skoni. Humpa na yeye kipande."

"Umeshanawa mikono?"

Netta alificha mikono nyuma yake.

"Endelea."

"Kisha nafagia. Vumbi huwa limedondoka sakafuni, na mimi sipendi uchafu."

Kila alipotaja mahali, Ailsa alilowesha kitambaa akapangusa. Kitambaa cha sakafuni kilitoka kijivu. Cha kwenye msumari kilitoka kijani na chungwa. Cha kwenye kiti cha Effie nacho kilikuwa na unga. Aliviweka mezani vyote vitatu.

"Kila mara?" Kirsteen aliuliza. "Kila ulipotoka kule ulimbeba hivyo?"

"Sikujua."

"Na lile dude anajificha ndani yake! Ananyonya mikono yake, Mama! Nimemwona mimi mwenyewe, nikacheka!"

"Kirsteen, sikujua."

"Ungesema hapana. Neno moja tu kwa yule mwanamke. Mtoto wangu asingekuwa na sumu kwenye damu."

Ailsa aliinua mkono. "Wote wawili, sikilizeni. Ufagio mkavu haukusafisha vumbi. Uliliinua, likatua kwenye vitu vya mtoto. Mtoto hushika sakafu, kisha hutia vidole mdomoni. Ndivyo ilivyoingia. Si uchawi, wala si ubaya wa mtu. Ila Effie asilale hapa mpaka nyumba isafishwe na mimi niipime tena."

Kirsteen alipakia nguo. Ailsa akamzuia: nguo hizo zifuliwe kwanza, peke yake. Basi Kirsteen aliondoka na mtoto na mkoba tu, kwenda kwa rafiki yake Shona, mji wa jirani. Hakumuaga mama yake. Effie alipunga mkono kutoka dirishani mwa gari, naye Netta hakuweza kuinua wake.

Jioni ile Netta aliichukua ovaroli mpaka bustanini, akatoa kiberiti. Mzee Dod alimwona kutoka upande wake wa ua.

"Weka chini hicho kiberiti!"

"Niache, Mzee Dod. Nataka iungue."

"Ukiichoma, moshi utauvuta wewe, na majivu yataanguka kwenye viazi vyangu. Risasi haiungui ikaisha. Wewe mwanamke kichwa chako kigumu kuliko hicho chuma!"

Netta alikaa kwenye majani. Alilia. Alilia kwa ajili ya Effie, na kwa ajili ya Alec. "Nimemlisha sumu kwa mikono yangu mwenyewe," alisema. Mzee Dod hakumwambia si kweli. Alipita geti, akasimama karibu naye mpaka alipomaliza.

Ovaroli ilitiwa kwenye mfuko mzito wa plastiki, na mfuko huo ukatiwa ndani ya mwingine. Netta aliupeleka mahali ambapo halmashauri hupokea taka za sumu. Kijana wa pale alimwuliza kuna nini ndani. "Ovaroli ya mume wangu," alijibu. Kijana akaandika "nguo".

Kisha akaanza nyumba. Ailsa alimpa barakoa ya kweli, inayoshika uso pande zote, na alimweleza jinsi ya kufanya. Mzee Dod alikaa nje ya dirisha, kwenye kiti, akiamuru kama nahodha.

"Ufagio hapana!"

"Nimesikia mara ya kwanza."

"Na ile mashine ya kufyonza vumbi, hapana! Inavuta mbele, inatema nyuma. Ndoo mbili. Moja ya sabuni, moja ya kusuuzia."

"Mzee Dod, utanywa chai lini ukanyamaza?"

Alianza juu akashuka chini. Aliloweka kitambaa, akapangusa, akasuuza, akabadilisha maji, akapangusa tena. Juu ya milango. Nyuma ya jiko. Miguu ya viti. Maji machafu aliyamwaga chooni, hakuyamwaga bustanini. Vitambaa alivitupa kwenye mfuko maalumu. Zulia la jikoni lilikwenda kule kule lilikokwenda ovaroli. Alifanya hivyo baada ya kazi, siku kumi na mbili. Wakati mwingine nilimsikia akizungumza peke yake. Mara moja niligonga mlango nikampa supu ya mbaazi, akaipokea bila kusema asante. Uso wake ulisema asante, mdomo ulikuwa umechoka.

Bibi Haldane alikuja siku ya tano. Alisimama kwenye njia, hakuingia.

"Nimesikia kuhusu mtoto. Pole sana, mpenzi. Lakini Gala ni baada ya siku kumi na moja, na nusu ya Kisima iko uchi. Sasa tutafanyaje?"

Netta aliweka ndoo chini.

"Hapana," alisema.

"Sijakuomba bado."

"Najua. Nimejibu mapema. Gala inaleta watoto mia mbili kwenye yale majani. Nimewapikia wote, nawajua kwa majina. Vumbi lote liko pale chini, Bibi Haldane. Mimi nililimwaga, na wewe uliniomba nilimwage, na sote wawili hatukujua. Sasa tunajua. Funga geti la kanisa."

Bibi Haldane alifungua mdomo akaufunga. Kwa haki yake niseme hivi: alifunga geti jioni ile ile.

Kisima kilifunikwa kwa turubai. Watu waliofunzwa kazi hiyo walikuja wamevaa mavazi meupe, wakaondoa majani na tabaka la juu la udongo. Gala ilifanyika uwanja wa mpira. Msichana mwenye taji alikunywa maji ya jagi. Wengine walinung'unika, wakasema jambo kama hilo halijawahi kutokea. Mzee Dod aliwajibu kwamba yeye ameshazika wapaka rangi sita, na hilo nalo watu walikuwa hawajawahi kulisema.

Mwezi wa Agosti kazi ilimaliziwa kwa njia sahihi. Mwalimu wa kazi za chuma aliletwa kufundisha watu wanane. Netta alikatazwa kushika chochote, kwa sababu ya damu yake. Alikaa nje ya geti akatazama. Walitandika plastiki nene chini, wakaibana pembeni isiachie nafasi. Waliilowesha rangi kwanza, ndipo wakakwangua taratibu, ikiwa imelowa, ili vumbi lisipae. Hakuna msasa mkavu. Hakuna moto wa kuyeyushia rangi. Hakuna chai wala sigara ndani ya eneo lililozungushiwa kamba. Mavazi ya kazi yalivuliwa pale pale. Kila mtu alinawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula, na kabla ya kwenda nyumbani. Mabaki yalitiwa mifuko miwili miwili.

Tena hawakukwangua yote. "Rangi ya zamani iliyoshika imara, iacheni," mwalimu alisema. "Ondoeni inayobanduka tu, kisha ifunikeni kwa rangi mpya isiyo na risasi. Dukani ulizeni. Someni kopo." Basi maua ya chuma hayaonekani vizuri mpaka leo, na simba wawili wana nyuso kama viazi. Lakini hakuna mtoto anayeumwa tumbo.

Netta alikula dengu na mboga, kama alivyoagizwa. Alipewa likizo ya kazi wiki sita. Kichwa kiliacha kuuma. Risasi katika damu yake ilishuka mpaka ishirini na moja. Hayo yote yalimgusa kidogo tu. Nyumba ilikuwa kimya, na kila siku saa saba na nusu alisimama karibu na mlango, bila sababu.

Kirsteen hakupiga simu. Mwezi wa Julai alituma ujumbe wenye maneno matatu: "Kumi na tano." Netta aliusoma mara nyingi. Aliandika majibu marefu, akayafuta, akaandika, "Asante mwanangu."

Mwishoni mwa Septemba simu iliita.

"Tisa," alisema Kirsteen.

"Tisa?"

"Daktari kasema anakwenda vizuri. Watampima tena Desemba, na watamwangalia akianza shule. Anakula. Juzi kala mkate wangu na wake."

Netta alishika ukuta. "Na tumbo?"

"Halimuumi. Ailsa ameipima nyumba?"

"Mara mbili. Vitambaa vimetoka vyeupe."

"Aliniambia. Nilitaka nisikie kwako. Mama, Shona amechoka na sisi. Mimi nimechoka vilevile. Nilikusema maneno makali."

"Yalikuwa ya kweli."

"Si yote. Kesho nina zamu ya saa nane."

Netta aliibana simu sikioni.

"Mama, upo?"

"Nipo."

"Nimlete?"

"Mlete," alisema Netta. Alisema polepole sana, kama neno lingeweza kuvunjika.

Kesho yake walifika mapema. Kirsteen alisimama kizingitini amembeba mtoto. Hakuingia. Alinyoosha mkono akapitisha kidole juu ya fremu ya mlango, mahali ambapo hakuna mtu anayepangusa. Alikitazama kidole.

"Kagua popote," Netta alisema. "Kagua nyuma ya jiko. Sikasiriki."

Kirsteen alikitazama tena: kilikuwa safi. Kisha akajifuta machozi kwa mkono huohuo, akamweka mtoto chini.

Effie alimpita bibi yake bila salamu, akaenda moja kwa moja jikoni, akapanda kiti chake, na kuuliza kwa sauti kubwa chakula kiko wapi.